Kapu Hili ni la Nani?

Kwa miezi kumi na miwili nimeandika kwenye daftari kila pesa iliyotoka mfukoni mwangu. Daftari la kawaida tu, la mistari, jalada gumu ambalo pembe zake zimeshajikunja. Ukurasa wa kushoto tarehe na kitu, wa kulia kiasi. Mtu asije akanifanya mfano wa nidhamu ya fedha, maana sikuanza kwa nidhamu. Nilianza kwa hasira.

Hasira yenyewe ililetwa na taarifa ya habari. Mtangazaji alisema mfumuko wa bei umeshuka, akataja asilimia, akahamia kwenye michezo. Mezani tulikuwa watatu. Dada yangu, ambaye ndiye aliyefanya manunuzi siku ile, alikuwa bado ameshika risiti. Akaitazama, akaigeuza kana kwamba nyuma kutakuwa na maelezo, akauliza, "Hivi hawa wananunua wapi?"

Tulicheka, lakini swali likaniganda. Nikajiambia mambo ni mawili tu: ama wenzetu wa takwimu wanatudanganya, ama sisi hatujui kuhesabu. Nikaamua kuhesabu. Mwaka umekatika sasa, na nilichokuta si hiki wala kile.

Nianze na kosa letu wenyewe, tulimalize. Mfumuko wa bei ukishuka, bei hazijashuka. Kilichoshuka ni kasi ya kupanda. Kitu cha 100 kikipanda kwa asilimia 10 kinafika 110. Mwaka unaofuata kikipanda kwa asilimia 3 kinafika 113 na senti kidogo. Kwenye taarifa ya habari, mfumuko umeanguka kutoka 10 hadi 3, na waziri ana haki ya kutabasamu. Kwenye daftari langu, 100 imekuwa 113, na mshahara kama haukusogea kwa miaka hiyo miwili, hakuna cha kutabasamia. Wote wawili tumesema kweli. Mtoto aliyerefuka kidogo mwaka huu kuliko mwaka jana hajafupika. Nusu ya ugomvi wa watu na takwimu za bei unaishia hapa, na ningekuwa mkweli zaidi ningesema robo tatu ya ugomvi wangu ulikuwa huo huo.

Robo iliyobaki ndiyo iliyonila mwaka mzima.

Ukitaka kujua namba ile inatoka wapi, inabidi uanzie kwenye kapu. Ofisi ya takwimu haiwezi kufuatilia bei ya kila kitu kinachouzwa nchini, kwa hiyo inachagua mamia ya bidhaa na huduma na kuziita kapu. Ili kujua nini kiingie humo na kwa kiasi gani, inafanya utafiti wa matumizi ya kaya: familia zinachaguliwa, zinapewa kitabu, zinaambiwa ziandike kila kitu zinachotumia. Nilipolisoma hilo nilijisikia mjinga kidogo. Mbinu niliyodhani nimeibuni mimi kwa hasira zangu ndiyo msingi wenyewe wa kazi yao.

Kutokana na vitabu hivyo kila kitu kinapewa mizania, yaani uzito wake ndani ya kapu. Kama kaya kwa ujumla hutumia sehemu 20 katika kila 100 kwenye usafiri, usafiri unabeba 20. Kisha unachaguliwa mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei za baadaye zitalinganishwa nao, na kuanzia hapo wadadisi wanatumwa kila mwezi kuuliza bei. Mdadisi haendi kununua. Anakwenda na orodha, na orodha hiyo ina umakini unaokera. Haitoshi kuandika "shati". Shati la kiume, mikono mirefu, pamba tupu, lenye kola, duka lile lile, mwezi baada ya mwezi. Likikosekana, analitafutia mbadala na kutoa maelezo, kisha ofisini wanahangaika kutenganisha kilichopanda bei na kilichobadilika tu umbo. Hesabu nyingi za namna hii bado zinafuata njia aliyoieleza Mjerumani Étienne Laspeyres mwaka 1871: shikilia kapu la zamani, uliza linagharimu kiasi gani kwa bei za leo.

Angalia swali hilo lilivyo. Linauliza kapu lile lile linagharimu kiasi gani leo. Dada yangu na risiti yake alikuwa na swali jingine: nahitaji pesa ngapi ili niishi kama nilivyokuwa nikiishi? Mrusi aitwaye Alexander Konüs aliyatenganisha maswali haya mawili kwa hesabu tangu mwaka 1924, na wachumi wanaijua tofauti hiyo vizuri sana. Sisi wengine husomewa jibu la swali la kwanza kana kwamba ni jibu la la pili.

Mwanzoni haikuwa hivi. Na hapa ndipo nilipopotelea kwa wiki tatu nzima, nikasahau hata kujaza daftari siku kadhaa.

Mwaka 1707 kasisi wa Kiingereza, William Fleetwood, alikuwa anasumbuliwa na swali la kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Oxford. Kijana huyo alikuwa na nafasi katika chuo kilichoanzishwa katikati ya karne ya 15, na sheria za chuo zilimtaka mwenye nafasi aape kwamba hana kipato chake binafsi kinachozidi pauni 5 kwa mwaka. Kijana alikuwa nacho. Je, akiapa atakuwa amemdanganya Mungu? Fleetwood hakumpa mahubiri. Alizama kwenye kumbukumbu za zamani akatafuta bei za vitu ambavyo msomi wa aina ile hutumia: nafaka, nyama, kinywaji, nguo. Akaonyesha kwamba pauni 5 za waanzilishi wa chuo zilinunua vitu ambavyo kwa siku zake vingehitaji zaidi ya mara tano ya fedha hiyo. Kijana angeweza kuapa na dhamiri yake ikalala.

Wengi humtaja Fleetwood kuwa ndiye babu wa fahirisi za bei, yaani namba zinazoonyesha bei za kapu zimesogea kiasi gani. Mimi kilichonishika ni kwamba kapu lake la kwanza lilikuwa na mwenyewe. Hakuuliza bei za Uingereza. Aliuliza bei za mtu huyu, anayekula hivi, anayevaa hivi, kwa sababu swali lilikuwa la mtu huyu.

Na miaka 73 baadaye, ng'ambo ya bahari, ikawa vivyo hivyo. Mwaka 1780, katikati ya vita vya uhuru wa Marekani, jimbo la Massachusetts lilikuwa na askari ambao mshahara wao ulikuwa unayeyuka kabla haujafika mfukoni. Likawapa hati za deni zilizofungwa kwenye kapu: busheli tano za mahindi, ratili 68 na visehemu vinne vya saba za nyama ya ng'ombe, ratili 10 za sufu ya kondoo na ratili 16 za ngozi ya soli za viatu. Vitu hivyo vikipanda, deni la askari linapanda navyo. Sijui ni karani gani alifika kwenye visehemu vinne vya saba vya ratili, lakini namheshimu. Na hapa tena, kapu lilikuwa na mwenyewe: mtu anayekula, anayeona baridi, na anayetembea mpaka soli zinakwisha.

Serikali za karne ya 20 zilipoanza kuchapisha namba kila mwezi, jina lenyewe lilikuwa bado la kiaskari hivyo hivyo: fahirisi ya gharama za maisha. Uingereza ilianza yake mwaka 1914, kapu likitokana na utafiti wa familia za wafanyakazi uliofanywa mwaka 1904. Halafu ikalisahau kapu hilo. Lilitumika hadi mwaka 1947, likiwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini, watu wakiwa wamebadili mavazi, taa, nauli na kila kitu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ilitoa ruzuku kwa bidhaa ili fahirisi isipande, maana mishahara ilikuwa inaifuata, na ukishajua kilichomo kapuni unajua pa kuweka ruzuku yako. Hakuna aliyefuta namba yoyote. Walishikilia tu vitu vilivyohesabiwa, na visivyohesabiwa vikaenda zake.

Marekani nayo iliita yake fahirisi ya gharama za maisha. Vita vikaleta mishahara iliyozuiliwa na bidhaa hafifu, vyama vya wafanyakazi vikagomba kwamba namba inasema uongo, kamati zikaundwa, na mwaka 1945 suluhisho likapatikana: jina likabadilishwa. Ikawa fahirisi ya bei za walaji. Mimi naliona tendo hilo kuwa la uungwana kuliko watu wanavyolichukulia. Ofisi ilikuwa inakiri waziwazi: sisi tunapima bei, maisha yenu hatuyapimi. Bahati mbaya kukiri kwenyewe kulikaa kwenye jina tu, na kwenye mikutano ya mishahara mambo yakaendelea kama zamani.

Sasa nirudi kwenye mizania, kwa sababu humo ndimo nilimokuta kile nilichokuwa nakitafuta.

Nilisema ofisi inaangalia kaya kwa ujumla hutumia kiasi gani kwenye nini. Hilo neno "kwa ujumla" limebeba mzigo. Chukua nchi yenye kaya mbili tu. Ya kwanza inatumia 100 kwa mwezi, na 50 kati ya hizo ni pango. Ya pili inatumia 1,000, na 100 tu kati ya hizo ni pango. Mwaka unapita, pango linapanda kwa asilimia 20, vitu vingine vyote kwa asilimia 2. Kaya ya kwanza sasa inahitaji 111 kununua vile vile, kwa hiyo maisha yake yamepanda kwa asilimia 11. Ya pili inahitaji 1,038, yaani asilimia 3.8. Je, mfumuko wa bei wa nchi hii ni ngapi?

Ukichukua kaya mbili na kugawa katikati unapata 7.4. Namba inayotangazwa sivyo inavyopatikana. Inajumlisha matumizi yote ya nchi kwanza: 1,100 imekuwa 1,149. Mfumuko ni asilimia 4.5.

Nilirudia hesabu hiyo mara mbili kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, kisha nikaielewa. Katika kapu la taifa watu hawapigi kura. Pesa ndizo zinazopiga kura. Anayetumia mara kumi ana sauti mara kumi, na wastani unaotoka unakaa karibu na mlango wake. Mwaka 1959 mchumi wa Uingereza, S. J. Prais, aliandika juu ya jambo hili na kulipa jina lisilo na adabu: uzani wa kitajiri, tofauti na ule wa kidemokrasia ambao kila kaya ni kura moja. Kuna sababu ya kitaalamu ya kuutumia ule wa kwanza. Ukitaka kujua uchumi mzima unatumia kiasi gani, au benki kuu ipandishe riba au isipandishe, pesa ndizo unazopaswa kuzihesabu. Kwa kazi hiyo kipimo ni sahihi kabisa. Dada yangu hapangi riba za benki kuu.

Ernst Engel, Mjerumani mwingine, alikwisha kuonyesha mwaka 1857 kwamba kadiri kaya ilivyo maskini ndivyo sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake inavyokwenda kwenye chakula. Weka maneno hayo juu ya hesabu yangu ya kaya mbili. Mwaka ambao vyakula vinapanda kuliko vitu vingine, namba ya taifa itakuwa ndogo kuliko ya maskini. Mwaka ambao nauli za ndege zinapanda, mambo yanageuka, na hapo haki inadai niseme kwamba maskini anapumua kuliko namba inavyosema. Hatuandikagi makala kuhusu miaka hiyo.

Pango nalo lina kisa chake. Mpangaji ni rahisi: unauliza analipa kiasi gani. Anayekaa nyumba yake mwenyewe ndiye tatizo, kwa sababu kila mwezi analala bila kulipa. Marekani ilikuwa ikihesabu bei za nyumba na riba za mikopo ya nyumba. Kuanzia mwaka 1983 ikaanza kuachana na hayo na kukadiria pango ambalo mwenye nyumba angelipa kama angekuwa mpangaji wa nyumba yake. Ili kupata mizania, wenye nyumba wanaulizwa swali ambalo lingefaa kwenye kikao cha kahawa: mtu akiipanga nyumba yako leo, bila samani na bila huduma za maji na umeme, unadhani angelipa kiasi gani kwa mwezi? Pango hili ambalo hakuna anayelilipa ndilo kitu kizito kuliko vyote ndani ya fahirisi ya Marekani, kama robo ya kapu zima. Fahirisi rasmi ya nchi za Umoja wa Ulaya nayo kwa miaka mingi iliruka gharama ya kukaa nyumba yako mwenyewe, ikawa haimo.

Kila njia ina hoja yake. Nyumba ni kitega uchumi na ni makazi kwa wakati mmoja, na kapu linataka makazi tu. Lakini kijana anayehangaika kununua nyumba yake ya kwanza, bei imepanda, riba imepanda, akisikia mfumuko umetulia, anaona kama anatukanwa. Kitu kikubwa kuliko vyote atakavyonunua maishani kinaweza kuwa nje ya kapu, au kimo kwa umbo ambalo yeye halitambui. Na vilivyo nje ni vingi: kodi ya mapato haimo, akiba haimo, pesa unayomtumia mzazi haimo. Kwangu mimi kurasa nzima za daftari ni vitu ambavyo kwa ofisi ya takwimu si matumizi.

Nisije nikaonekana nimebeba bango. Kuna mahali ambapo daftari langu ndilo lililoshindwa, na ninalo kovu.

Mwezi wa tano nilianza kuona kwamba sabuni ya kuogea inakwisha upesi. Nikamlaumu kila mtu nyumbani. Siku moja nikawa natafuta ukurasa, nikakuta karatasi ya zamani ya sabuni ile ile ambayo nilikuwa naitumia kuwekea alama. Nikachukua mpya nikaziweka sambamba mezani. Rangi ile ile, jina lile lile, upana ule ule. Chini kabisa, kwa maandishi ya kuhitaji miwani, gramu zilikuwa zimepungua. Nikafungua kipande kipya na kukigeuza: mgongoni kilikuwa kimechongwa bonde la kupendeza, kama kitanda cha kidole gumba. Unene ulikuwa umeibwa pale ambapo mkono unadhani ni urembo.

Kwenye daftari langu, miezi yote hiyo, mstari ulisema "sabuni, 1", na bei ilikuwa haijabadilika hata kidogo. Kwangu mimi mfumuko wa sabuni ulikuwa sifuri. Mdadisi na orodha yake inayokera anaandika gramu. Ofisi inahesabu bei kwa uzito, kwa hiyo siku sabuni ilipochongwa, kwao bei ilipanda. Wao walikamata wizi ambao mimi, na hasira zangu zote, niliogea nao.

Kwenye ubora, lakini, nawaacha. Bidhaa ikibaki na bei ile ile huku ikiwa bora zaidi, watu wa takwimu wanasema bei yake imeshuka. Kompyuta ya mwaka huu ina kasi kuliko ya mwaka juzi kwa fedha ile ile, basi kompyuta zimekuwa rahisi. Kihesabu sina ubishi nao. Tatizo ni kwamba ile ya mwaka juzi siwezi kuinunua kwa bei iliyopungua. Haipo. Na programu nyingine hazikubali tena kufunguka kwenye niliyo nayo. Mwaka 1996 wachumi watano wa Marekani wakiongozwa na Michael Boskin waliliambia Bunge kwamba fahirisi inakuza ongezeko la gharama za maisha kwa takriban asilimia 1.1 kila mwaka, kwa sababu ya ubora usiohesabiwa vya kutosha, bidhaa mpya zinazochelewa kuingia kapuni, na watu kuhamia kwenye vitu na maduka ya bei nafuu. Kwa maneno mengine, walisema dada yangu anaishi vizuri kuliko anavyodhani.

Hoja ya kuhamia ndiyo iliyonikalia vibaya. Tangu mwaka 1999 sehemu kubwa ya fahirisi ya Marekani inahesabiwa kwa njia inayokubali kwamba aina moja ikipanda mnunuzi hukimbilia nyingine iliyo karibu nayo. Na kweli tunakimbilia. Mwezi wa saba nilihama kutoka viatu ninavyovipenda, vya ngozi, kwenda kwenye vingine vinavyong'aa kama ngozi. Nililipa vile vile nilivyolipa zamani. Ukinisoma kwa matumizi tu, sikuumia. Viatu vimefumuka mwezi wa kumi, upande wa kidole kidogo. Ni kweli nilichagua, hakuna aliyenilazimisha, ila kuna kuchagua kwa mtu anayebadili ladha na kuna kuchagua kwa mtu anayerudi nyuma, na kwenye hesabu wote wawili wanaonekana wamebadili kitu tu.

Kichwa chetu nacho ni shahidi wa mashaka. Tunakumbuka kinachonunuliwa mara kwa mara na kusahau kinacholipwa mara moja kwa mwaka. Tunakumbuka kilichopanda, kilichoshuka tunakiona ni haki yetu. Sarafu ya euro ilipoingia mikononi mwa watu mwaka 2002, Wajerumani waliapa kwamba kila kitu kimepanda, wakachanganya neno lao la "ghali" na jina la sarafu wakapata "Teuro", likawa neno la mwaka. Ofisi ya takwimu ya Ulaya ikapima na kusema mabadiliko ya sarafu yalichangia kati ya asilimia 0.1 na 0.3 hivi. Vilivyoruka ni vitu vidogo vya kila siku, kahawa ya mgahawani na kunyoa nywele, na hivyo ndivyo mtu hukutana navyo. Mashine ya kufulia iliyoshuka bei haikutajwa na yeyote, kwa sababu nani hununua mashine ya kufulia kila asubuhi.

Na uongo wa kweli upo? Upo. Argentina, kuanzia mwaka 2007, serikali iliingilia ofisi yake ya takwimu. Namba rasmi zikawa zinazunguka asilimia 8 hivi kwa mwaka, wakati mchumi Alberto Cavallo, aliyekuwa akikusanya bei za maduka kwenye intaneti, alikuwa anapata zaidi ya 20. Wachumi binafsi waliotoa makadirio yao walipigwa faini, hadi wabunge wa upinzani wakawa wanayasoma makadirio hayo chini ya kinga yao ya ubunge. Februari 2013 Shirika la Fedha la Kimataifa likaikemea nchi hiyo rasmi, jambo ambalo halikuwahi kulifanya kwa mwanachama yeyote kwa sababu ya takwimu. Kwa hiyo anayeshuku namba si mwendawazimu. Ila uongo wa aina hiyo unaonekana mapema, kwa sababu bei hazifichiki.

Ninachokiogopa zaidi ni namba ya kweli ikipelekwa mahali isipohusika. Marekani, pensheni za wazee hupandishwa kila mwaka kwa kufuata fahirisi ya watu wanaolipwa ujira na makarani. Wafanyakazi! Mzee aliyestaafu, anayekwenda hospitali kuliko kazini, anapandishiwa kwa kapu la mtu anayepanda basi asubuhi. Ipo fahirisi ya majaribio ya watu wenye miaka 62 na zaidi, inahesabiwa na kuwekwa, lakini pensheni haiifuati. Uingereza nako zipo fahirisi mbili, moja ya zamani ambayo kwa kawaida hupanda kwa kasi, na mpya inayopanda taratibu. Kuanzia Aprili 2011 serikali ilihamishia pensheni za watumishi na posho za ustawi kwenye ile ya taratibu. Riba ya mikopo ya wanafunzi ikabaki kwenye ile ya kasi, na hata mwaka 2013, ile ya zamani ilipovuliwa hadhi ya kuwa takwimu rasmi ya taifa kwa sababu njia yake ya kuhesabu ina kasoro, wanafunzi waliendelea kutozwa kwayo. Serikali inapolipa inachukua rula fupi, inapodai inachukua ndefu. Nikamkumbuka yule kijana wa Oxford wa mwaka 1707. Yeye alipata mtu wa kumpimia kapu lake.

Mwisho wa mwaka nilifunga hesabu yangu. Kwa njia ya Laspeyres, kapu langu la mwezi wa kwanza kwa bei za mwezi wa kumi na mbili, gramu zikiwa zimerekebishwa baada ya aibu ya sabuni. Nikapata ongezeko lililokuwa karibu mara mbili ya lile lililotangazwa. Nilifurahi, furaha ya kipumbavu ya mtu aliyethibitisha kwamba anaumia.

Nikalibeba daftari kwenda nalo kwenye kikao cha nyongeza ya mshahara. Bosi wangu ni mtu mstaarabu. Alikuwa ameshaandaa karatasi yenye namba ya taifa na nyongeza inayolingana nayo, lakini alilipokea daftari, akavaa miwani, akalipitia kurasa nyingi kuliko nilivyotegemea. Alicheka kwenye sabuni. Kisha akarudi mwanzo, kidole juu ya mstari wa kwanza wa kila mwezi.

"Ndugu yangu, ukiondoa pango, inakuja ngapi?"

Nilikuwa nimeshaipiga hesabu hiyo usiku, peke yangu, na sikuipenda. Tulihama mwezi wa nane baada ya mwenye nyumba kupandisha, na huko tulikohamia ni ghali zaidi. Nikiondoa pango, mimi na taifa tunapishana kwa nusu asilimia.

Nikamwambia.

"Unaona?" akasema, bila ubaya wowote, na kunirudishia daftari.

Nikamuuliza yeye analipa pango kiasi gani. Akasema halipi, nyumba ni yake, alijenga zamani kabla vitu havijawa hivi. Tukatazamana kidogo. Kisha akaisogeza ile karatasi yake upande wangu wa meza, na kalamu juu yake.

Nilisaini. Usiku huo nikafungua ukurasa mpya, nikaandika tarehe, na chini yake, kwa sababu ilikuwa tarehe mosi, pango.